Je, kutibu bakteria wa tumbo huificha saratani isionekane kwa kamera?

*Swali: Nina miaka 56. Miaka mitatu iliyopita nilipimwa tumbo kwa kamera nikakutwa na bakteria wa H. pylori. Majibu ya kinyama kilichokatwa tumboni na kupelekwa maabara yalisema utando wa tumbo umesinyaa, na sehemu fulani zimegeuka zikafanana na utumbo. Nilimeza dawa siku 14, na baadaye kipimo cha pumzi kikaonyesha bakteria wameisha. Sina shida kubwa, kiungulia tu cha mara kwa mara ambacho natulizia kwa omeprazoli ninayonunua mwenyewe. Sasa nimesoma kwamba dawa za kuua bakteria hao hubadilisha sura ya saratani ya tumbo kiasi kwamba daktari anaweza kuipita bila kuiona. Mama yetu alifariki kwa saratani hiyo. Mdogo wangu wa miaka 43 naye amekutwa na bakteria kwa kipimo cha choo, na baada ya kusikia haya anasita kumeza dawa. Je, nimejifichia ugonjwa? Na yeye afanye nini?*

Naona hapa hofu mbili zimefungwa pamoja. Moja ni yako: kwamba ulipomeza zile dawa ulifunika kitu ambacho kamera haitakiona tena. Nyingine ni ya mdogo wako: kama mambo ni hayo, si afadhali awaache bakteria wake walivyo, ili walau daktari aone kila kitu waziwazi?

Ulichosoma kina ukweli, ila hitimisho ulilolitoa, au ulilopewa, limepinda. Dawa hazikukuletea saratani wala hazikuilinda. Zimepunguza uwezekano wa wewe kuipata. Kinachobadilika ni mwonekano wa zile saratani chache zinazojitokeza hata baada ya matibabu, na mabadiliko hayo yanamdai daktari anayeshika kamera atulie na aangalie zaidi. Mdogo wako anapaswa kutibiwa. Ila kwa historia ya mama yenu ningependa apimwe kwa kamera kwanza, ndipo ameze dawa. Mpangilio huo una sababu, nitaifikia.

Helicobacter pylori anaishi katika ute unaofunika utando wa ndani wa tumbo. Asidi ya tumbo ingemuua, lakini ana kimeng'enya kinachovunja yurea na kutoa amonia, na amonia hiyo inapoza asidi pale pale alipo. Mwili unamtambua na kutuma seli nyeupe, ila hazifaulu kummaliza. Matokeo yake ni uvimbe wa utando usiokoma, unaoanza mara nyingi utotoni na kuendelea miongo mingi bila mtu kuhisi chochote. Uvimbe huo wa kudumu ndio unaoharibu. Kwanza tezi zinazotoa asidi hupungua na utando kuwa mwembamba. Huko ndiko kusinyaa kulikotajwa kwenye majibu yako. Kisha seli za tumbo huanza kubadilika na kuchukua umbo la seli za utumbo. Kwa watu wachache, seli hizo huendelea kuharibika mpaka zikawa saratani. Safari hiyo ilielezwa hatua kwa hatua na daktari mtafiti Pelayo Correa, na mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilimweka bakteria huyu katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Nimesema watu wachache kwa makusudi. Katika kila watu 100 wenye bakteria hawa, wanaoishia kupata saratani ya tumbo ni takriban mmoja hadi watatu. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2001 ulifuatilia wagonjwa 1,526 kwa wastani wa miaka 7.8. Kati ya 1,246 waliokuwa na bakteria, 36 walipata saratani. Kati ya 280 wasio nao, hakuna hata mmoja. Hapo unaona mambo mawili kwa pamoja: bakteria ana mkono mkubwa katika ugonjwa huu, na bado wengi wanaombeba hawaupati.

Sasa, dawa zilifanya nini tumboni mwako? Bakteria wakishaondoka, zile seli nyeupe za mapambano makali hupungua ndani ya wiki chache. Wekundu uliotapakaa unafifia, ute mzito unapungua, mikunjo iliyovimba inashuka. Utando uliosinyaa unaweza kurudi kiasi fulani, lakini kwa miaka, si kwa miezi. Zile sehemu zilizogeuka kama utumbo ndizo ngumu zaidi. Kwa wengi hubaki. Kwa hiyo mtu aliyetibiwa akiwa amefika hatua yako anabeba hatari iliyopungua, lakini harudi kuwa sawa na mtu ambaye hakuwahi kuambukizwa. Madaktari wengi husahau kulisema hili siku wanapotoa habari njema ya kipimo cha pumzi, na mgonjwa anaondoka akidhani faili limefungwa.

Hatari imepungua kiasi gani? Kwa bahati upo utafiti unaowahusu ninyi wawili karibu moja kwa moja. Korea Kusini walichukua watu wenye bakteria ambao mzazi, ndugu au mtoto wao alikuwa na saratani ya tumbo. Nusu walipewa dawa, nusu vidonge visivyo na dawa, kisha wakafuatiliwa kwa takriban miaka tisa. Matokeo yalitoka mwaka 2020: waliopewa dawa walipata saratani kwa asilimia 1.2, wasiopewa asilimia 2.7. Walipotazamwa wale ambao bakteria walithibitishwa kuisha, ilikuwa asilimia 0.8, dhidi ya 2.9 kwa waliobaki nao. Tofauti hiyo ni kubwa.

Utaniuliza, na una haki: mimi nilishachelewa, utando ulishaharibika, je, dawa zilinifaa? Utafiti wa China wa mwaka 2004 uliwatia watu wengi shaka hiyo, kwa sababu faida ilionekana wazi tu kwa wale ambao utando wao haukuwa umeharibika bado. Lakini Japani mwaka 2008 walitoa matokeo ya watu waliokwenda mbali kuliko wewe: watu 544 waliokuwa tayari wameondolewa saratani changa kwa kamera, ambao utando wa tumbo lao ulikuwa umeshachakaa. Katika miaka mitatu, saratani mpya zilikuwa 9 kwa waliotibiwa bakteria na 24 kwa wasiotibiwa. Kuchelewa kunapunguza faida. Hakuifuti.

Tuje kwenye lile lililokukosesha usingizi. Baada ya matibabu, asilimia 1.2 si sifuri. Nyingi ya saratani hizo, hasa zinazoonekana miaka ya mwanzo, zilikuwa zimeshaanza siku mgonjwa anameza kidonge cha kwanza, zikiwa ndogo mno kuonekana kwa jicho lolote. Ndiyo maana usemi kwamba “alitibiwa bakteria ndipo akapata saratani” unapotosha. Mfuatano wa tarehe hauonyeshi kipi kimezaa kipi.

Na ni kweli saratani hizo huja na sura nyingine. Mwaka 2005 watafiti wa Hiroshima waliripoti kwamba baadhi ya vivimbe vya tumbo vilivyojulikana tayari vilisawazika na kuwa vigumu kutambulika muda mfupi baada ya bakteria kuondolewa. Tangu hapo picha imekamilika zaidi. Saratani changa inayogunduliwa baada ya matibabu mara nyingi ni ndogo, imebonyea kidogo badala ya kuinuka, ina wekundu hafifu, na mpaka wake haueleweki vizuri. Ukiiweka chini ya hadubini unakuta jambo la ajabu: juu ya seli za saratani, au katikati yake, kuna tabaka jembamba la seli zinazoonekana karibu kuwa za kawaida. Ni kama kiraka cha ukuta kilichopakwa rangi ile ile ya ukuta. Kipo, lakini jicho linapita juu yake. Hata kamera zenye lenzi ya kukuza na mwanga maalumu wa bluu na kijani, ambazo kwa kawaida hufichua saratani kwa mpangilio mbaya wa vishimo vidogo vya utando na vishipa vidogo vya damu, zinaweza kuonyesha sura inayofanana na utando uliovimba tu bila saratani. Watafiti wa Niigata walilieleza hilo mwaka 2013.

Kwa nini tabaka hilo linajitokeza? Watafiti wanataja mambo mawili yanayokwenda pamoja. Uvimbe unapotulia, ishara za kemikali zinazosukuma seli kugawanyika kwa kasi nazo hupungua, hata ndani ya saratani yenyewe. Wakati huo huo utando wenye afya unaozunguka unapata nafasi ya kujijenga na kutambaa juu ya eneo lililoathirika. Kwa maneno mengine, tumbo linapona huku sehemu ndogo ikiwa mgonjwa, na kule kupona ndiko kunakochanganya macho.

Lipo na jambo la pili ambalo halizungumzwi sana. Kabla ya matibabu tumbo zima ni jekundu. Baada yake, sehemu zilizobaki salama hupauka na kuwa na rangi yake ya asili, huku zile zilizogeuka kama utumbo zikijitokeza kama mabaka mekundu yaliyosambaa, mfano wa visiwa kwenye ramani. Mengi hayana saratani. Lakini saratani ndogo nyekundu ikiwa katikati ya mabaka mekundu kumi, daktari atachagua lipi achukue kinyama? Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo, kuliko hilo tabaka la juu. Na isidhaniwe kila saratani ni nyekundu: aina ile ambayo seli zake hutawanyika moja moja hujionyesha kama doa lililopauka, na inaweza kutokea hata pale ambapo utando haukusinyaa sana, miaka mingi baada ya bakteria kuisha.

Kwa hiyo, je, umejifichia ugonjwa? Pima hivi. Upande mmoja, dawa zimepunguza karibu kwa nusu uwezekano wa saratani kuwepo. Upande wa pili, ikiwepo, inaweza kuwa na sura ya upole inayohitaji jicho makini. Kuacha bakteria ili saratani “ionekane vizuri” ni kukubali saratani nyingi zaidi kwa tamaa ya kuziona kirahisi. Isitoshe, tumbo lenye bakteria nalo si rahisi kulisoma: wekundu uliotapakaa, ute mzito na mikunjo iliyovimba huficha vidonda vidogo vilevile.

Nafasi ya muda nayo ipo. Utafiti mmoja wa Japani wa mwaka 2000 ulifuatilia watu wenye saratani changa ya tumbo ambao hawakufanyiwa upasuaji au waliochelewa kufanyiwa. Muda wa kati wa kubaki katika hatua changa ulikuwa takriban miezi 44. Huo ni wastani tu, na aina nyingine hukimbia kuliko hapo. Lakini unakueleza kwa nini vipimo vinavyorudiwa kwa mpangilio hufaa hata kama kimoja hakikuona kitu.

Kuhusu omeprazoli yako sina budi kuwa mkali kidogo. Kama kuna dawa inayostahili jina la kuficha, ni hii, kuliko hata antibayotiki. Dawa za kupunguza asidi zinaweza kufanya kidonda cha saratani kijifunike kwa juu na maumivu yakaisha, mgonjwa na daktari wote wakadhani kilikuwa kidonda cha kawaida. Kwa mtu wa miaka 56 mwenye utando uliosinyaa na mzazi aliyefariki kwa saratani ya tumbo, kujitibu kiungulia mwenyewe miezi na miezi haifai. Usiikatize ghafla kama unameza pia aspirini au dawa za maumivu, au kama uliwahi kutokwa damu tumboni. Mwambie daktari, apange yeye lini uiache kabla ya kipimo. Kwa kipimo cha pumzi au cha choo huachwa wiki mbili kabla, na antibayotiki wiki nne, vinginevyo majibu yanaweza kusema bakteria hawapo kumbe wapo. Nikiwa hapo hapo: kipimo cha damu cha kingamwili hakifai kuthibitisha kupona, kwani kinaweza kubaki chanya muda mrefu baada ya bakteria kuisha. Wengi wamerudia dawa bure kwa sababu ya karatasi hiyo.

Unachotakiwa kufanya sasa ni kurudi kwenye kamera. Kwa waliosinyaa utando au kugeuka sehemu kubwa ya tumbo, mwongozo wa Ulaya unashauri kila miaka mitatu, na wenye mzazi au ndugu aliyeugua huenda wakahitaji mapema zaidi. Japani hupima kwa vipindi vifupi kuliko hivyo. Miaka yako mitatu imetimia. Ukienda, usiseme tu “nina kiungulia”. Sema ulitibiwa H. pylori, mwezi na mwaka, kwamba kupona kulithibitishwa kwa pumzi, na uchukue majibu ya zamani ya kinyama pamoja na picha kama zipo. Daktari anayejua kwamba hili ni tumbo lililotibiwa hulitazama kwa namna nyingine.

Unaweza pia kuuliza maswali bila kuona aibu. Je, nitapewa kinywaji cha kuondoa ute na povu kabla ya kipimo? Je, mashine ina mwanga maalumu, au watanyunyiza rangi ya bluu kwenye maeneo yenye shaka? Miongozo inataka uchunguzi kamili wa tumbo usipungue dakika saba. Daktari anayetoa kamera kwa dakika mbili hajalitazama tumbo kama lako. Vinyama vichukuliwe sehemu ya chini ya tumbo, kwenye kona na sehemu ya juu, pamoja na kile cha doa lolote linalotia shaka. Na kwa sababu ya lile tabaka la juu, kinyama chenyewe kinaweza kukosea: majibu yakisema “hakuna saratani” huku doa likiendelea kumsumbua daktari macho, kurudia vinyama, au kuliondoa doa zima kwa kamera na kulipeleka maabara, ni uamuzi wa busara. Saratani iliyo bado juu ya utando mara nyingi huondolewa hivyo hivyo bila kupasua tumbo.

Mdogo wako sasa. Ninataka apimwe kwa kamera kabla ya dawa kwa sababu ya kila nilichoeleza: kama kuna kitu tayari, kionekane kabla hakijabadilika sura, na vinyama vya mwanzo vituambie utando wake uko hatua gani ili tujue kama atahitaji kufuatiliwa. Huenda ukakuta wake haujasinyaa kabisa, na hapo ndipo dawa zina faida kubwa kuliko popote. Kama kamera itacheleweshwa miezi mingi, asikae akisubiri bila mwisho. Azungumze na daktari kuhusu kuanza dawa.

Dawa zenyewe si za kupendeza. Mara nyingi ni mchanganyiko wa dawa ya kupunguza asidi, bismathi na antibayotiki mbili kwa siku 10 hadi 14. Kuharisha, kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni ni kawaida. Asikatize katikati, maana bakteria hawa hujenga usugu, hasa kwa antibayotiki iitwayo klarithromaisini, na jaribio la pili huwa gumu kuliko la kwanza. Awe na habari kwamba bismathi hufanya choo kuwa cheusi siku za matibabu, asishtuke.

Jambo moja la kuweka sawa, kwa sababu huenda mkalikuta: kuna uvimbe wa saratani tumboni unaoweza kuondoka kwa antibayotiki peke yake. Ni limfoma ya aina inayoitwa MALT, ikiwa katika hatua za awali, na si ugonjwa wa kawaida uliomchukua mama yenu. Saratani ya kawaida ya tumbo haiponi kwa kuua bakteria, hata ikisawazika machoni.

Msisubiri tarehe ya kamera iliyopangwa mkiona mojawapo ya haya: kupungua uzito bila sababu, kushiba kwa matonge machache, chakula kukwama kinapomezwa, kutapika kunakojirudia, kutapika damu au kitu kinachofanana na machicha ya kahawa, choo cheusi kinachonata chenye harufu kali wakati hamtumii bismathi wala vidonge vya madini ya chuma, au kuambiwa mna upungufu wa damu usioelezeka. Kutapika damu au kupata choo cha namna hiyo, hasa ukihisi kizunguzungu, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Dalili nyingine zilizobaki ni za kumwona daktari ndani ya siku chache, na umwambie tangu mwanzo kuhusu mama.